Habari za Wapagazi wa Kariakoo

Hata mtu ambaye hajapata kukanyaga Dar es Salaam maisha yake yote, jina la Kariakoo amekwisha kulisikia. Huko ndiko yanakokwenda machungwa yetu na mihogo yetu, na huko ndiko zinakotoka kanga, na sufuria, na viatu vya watoto wakati wa Krismasi. Walakini ukiwauliza vijana kumi maana ya jina hilo, tisa watakujibu ya kuwa ni jina tu. Nasi leo twapenda kuandika habari zake, maana asili yake si soko wala bidhaa. Ni jina la watu waliochukua mizigo ya wengine, na wengi wao hawakurudi kwao. Tena ndani ya habari zao mna jambo ambalo sisi tufundishao vijana twalisema kila Jumapili, lakini mara nyingi twalisema nusu, nalo ni hili: kumtii Mungu na kumhurumia mtu si kazi mbili.

Twasema nusu kwa sababu hii. Tukiwafundisha vijana utii, twawapa habari za mfalme Sauli, jinsi alivyoamriwa na Mungu akafuata mapenzi yake mwenyewe, kisha akataka kufunika kosa kwa sadaka, na nabii Samweli akamkemea. Jumapili nyingine twawasimulia habari za Msamaria, nao huzikariri vizuri hata mzee wa kanisa akafurahi. Lakini vijana huondoka na mawazo mawili yaliyoachana. Utii waufahamu kuwa ni deni la kila siku, lenye adhabu mbele yake. Huruma waidhania kuwa ni kama chenji iliyobaki mfukoni, ya kutolewa mtu akiwa na nafasi. Wako hata wadhanio kwamba Sauli alikosa kwa ajili ya huruma. Sivyo. Someni tena sura ile ya 15 ya Samweli wa Kwanza, mtaona ya kuwa wanyama walionona ndio aliowaacha, na walio dhaifu akawaangamiza. Hiyo si huruma; ni tamaa iliyovaa kanzu ya ibada.

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza hivi: "Mwalimu, mmetufundisha kuwatii wakubwa. Je, mkubwa wangu akiniagiza jambo lisilo na huruma, nifanyeje?" Wenzake walicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Tulimjibu kwa habari za wapagazi, nasi twaziandika hapa ili na wengine wapate kuzisoma.

Kabla ya vita vya 1914 nchi hii ya bara ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Katika Dar es Salaam waliwatenga watu kwa mitaa, Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika nyuma yao. Huko nyuma, palipokuwa na mashamba ya minazi, walijenga jengo kubwa la soko. Lakini soko halikuwahi kuanza kazi yake, kwa kuwa mwezi wa Agosti 1914 vita viliingia. Tarehe 4 Septemba 1916 mji ukaangukia mikononi mwa Waingereza, nao walikuja na kikosi kikubwa mno cha wapagazi, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Jengo lile la soko na viwanja vyake vikawa kambi ya wapagazi hao. Ndimi za watu zikalilainisha jina la kigeni likawa Kariakoo, nalo limekaa hata sasa. Huko Nairobi nako kuna mtaa uitwao Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Vita vilipokwisha, jengo likarudishwa katika kazi lililojengewa, likawa soko.

Labda msomaji atauliza, jeshi lenye mizinga na magari lilihitaji nini vichwa vya watu? Jibu ni mbung'o na mvua. Punda, ng'ombe na farasi walioletwa vitani walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Magari yalizama katika matope ya masika. Reli ilikuwepo, lakini Wadachi waliporudi nyuma walivunja madaraja. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila hema na kila sanduku la dawa lilipaswa kukaa kichwani au begani mwa mtu.

Nasi twaomba tuwe na subira kidogo hapa tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyowaua watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama ratli 50, ndizo kilo zipatazo 23. Chakula chake kwa siku ni ratli 2. Sasa mtu huyu akitumwa safari ya siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, naye ikiwa hana pengine pa kupata posho, atakula ratli 48. Yaani amechukua mzigo wake siku 24, na jeshi lililo mbele limepata ratli 2 tu. Ndiyo maana walihitajiwa wapagazi wa kuwachukulia wapagazi wenzao chakula, na wengine tena wa kuwachukulia hao. Na kila jeshi lilivyozidi kwenda kusini, hata Rufiji na Kilwa na Lindi na kuvuka Ruvuma, ndivyo mnyororo wa watu ulivyorefuka. Wakubwa wa jeshi walipotaka kupunguza mzigo, kitu kilichokuwa chepesi kupunguzwa kilikuwa posho ya mpagazi.

Tena posho yenyewe mara nyingi ilikuwa mahindi yasiyosagwa. Mtu aliyezoea ndizi kwao, au wimbi, alipewa punje ngumu jioni, na kuni zimelowa, na usingizi umemlemea. Aliyala yakiwa nusu mabichi, akashikwa na tumbo la kuhara damu. Huo ndio ugonjwa uliowamaliza wengi, pamoja na malaria na kichomi. Risasi iliua wachache. Katika masika ya 1917 bonde la Rufiji lilijaa maji, nao walikaa humo wakitembea ndani ya maji na mizigo vichwani. Mwaka 1918 ikaja homa kuu ya mafua, ikawakuta wamekonda, ikawavuna.

Jumla ya wapagazi waliotumika upande wa Waingereza katika vita hivyo yakadiriwa kukaribia milioni moja, wakihesabiwa wote wa Kenya, Uganda, Nyasaland, Unguja, Kongo na nchi yetu hii. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa karibu 95,000, na wako wanahistoria wengi wasemao ya kuwa walizidi 100,000. Hao ni upande mmoja tu. Wadachi nao waliwachukua watu kwa nguvu, wala hawakuweka daftari la kutosha la wale waliokufa kwao.

Wengi hawakwenda kwa hiari yao. Mwaka 1917 serikali ya Kenya ilikusanya watu kwa wingi sana, wilaya baada ya wilaya, na upande wetu vilevile watu walichukuliwa mashambani, jembe likaachwa limesimama. Nasi tukisoma Injili ya Luka sura ya 23 twamkuta mtu wa namna hii hii. Simoni wa Kurene alikuwa akitoka shamba, askari wakamkamata, wakamtwika msalaba wa Bwana. Kurene iko Afrika ya kaskazini, katika nchi iitwayo leo Libya. Kwa hiyo mpagazi wa kwanza wa Injili alitoka bara letu, na hakuulizwa kama ataka. Vijana hupenda sana wakionyeshwa jambo hilo. Walakini tuangalie tusiseme kwamba kulazimishwa kwake kulikuwa kwema kwa sababu mzigo wenyewe ulikuwa mtakatifu. Luka hawasifu wale askari.

Sasa tumtaje mtu mmoja aliyekuwa upande wa wenye amri, maana swali la kijana wetu lilikuwa habari ya amri. Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akaja Unguja 1898 kwa kazi ya misheni ya UMCA, akafundisha vijana katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilifika mpaka Magila na pwani ya bara. Alikuwa mtu mkali wa maneno, mwepesi kugombana na Maaskofu wenzake, wala hatutaki kumfanya malaika. Mwaka 1913 aliwashtaki Maaskofu wawili kwa habari ya mkutano wa Kikuyu, na jambo hilo liliwachosha wengi hata Uingereza. Lakini alikisema Kiswahili kama mwenyeji, na watu wake aliwajua kwa majina.

Mwaka 1916 jeshi lilitaka wapagazi kutoka Unguja. Watu wakaogopa, maana habari za vifo zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Askofu akaona njia mbili tu mbele yake. Angeweza kukaa katika nyumba yake ya Mkunazini, akaombea wapagazi katika kanisa lile kuu lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Na sala zake zingekuwa njema. Au angeweza kwenda nao. Akaenda. Akawaandikisha mwenyewe, akapewa cheo cha Meja, akatembea nao kwa miguu pwani ya bara katika safari za kuja Dar es Salaam mwaka ule ule, akilala kambini mwao na kuangalia chakula chao na wagonjwa wao. Unguja Wakristo ni wachache sana, basi kikosi kile hakikuwa cha washarika wake tu. Mtu wa msikiti na mtu wa kanisa walipewa posho kwa kibaba kimoja. Serikali ikamtunukia nishani.

Kama habari zingeishia hapo, tungekuwa na hadithi nzuri ya Msamaria, nasi tungeifunga. Lakini sehemu iliyo ngumu ni ile iliyofuata.

Mwaka 1917 Askofu Frank aliandika waraka ulio wazi kwa Jenerali Smuts, akautolea kijitabu kiitwacho The Black Slaves of Prussia, akieleza ukatili wa Wadachi: viboko, kazi ya nguvu, na jinsi walimu na mapadre Waafrika wa misheni yake walivyofungwa minyororo wakati wa vita, wengine wakafa. Waingereza wakakisoma kijitabu kile kwa furaha kubwa. Kwa nini wasifurahi? Kilimshtaki adui, nacho kilifaa sana kwa kuonyesha ya kuwa makoloni yasirudishwe kwa Wadachi. Sisi twadhani ya kuwa kuandika kweli juu ya adui si mtihani mkubwa wa utii. Hata mtu asiyemjua Mungu aweza kufanya hivyo.

Mtihani ulikuja Oktoba 1919. Gavana wa Kenya, Edward Northey, alitoa waraka akiwaagiza maofisa wake na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Hata wanawake na watoto walitajwa humo. Waraka ule haukusema "walazimisheni," lakini kila aliyewahi kukaa chini ya chifu anafahamu maana ya chifu kuhimizwa. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Waskochi, wakaandika maoni yao. Hawakuwa watu wabaya, nasi twapenda tuwatendee haki. Waliona ya kuwa kulazimisha watu kwa siri kupitia kwa machifu ni kubaya kuliko sheria iliyo wazi, yenye mipaka, inayojulikana na wote; basi wakakubali kazi ya lazima kwa masharti, kwa kazi za serikali. Askofu Frank akakataa katakata. Mwaka 1920 akatoa kijitabu kingine, na jina lake akalichagua makusudi lifanane na lile la kwanza: The Serfs of Great Britain. Maana yake, lile alilolilaumu kwa Mdachi sasa alilaumu kwa Mwingereza, ndugu yake wa damu, serikali iliyompa nishani.

Yawapasa vijana wapime gharama ya jambo hilo. Kijitabu cha kwanza kilimletea sifa. Cha pili kilimletea lawama kwa watu wa kwao, kwamba anaiaibisha nchi yake. Naye hoja yake haikuwa ndefu. Alishika ya kuwa kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mtu mwingine ni dhambi, na dhambi haigeuki kuwa halali kwa kutungiwa sheria, wala kwa kuwa mtendaji ni wa taifa letu. Mambo yakafika mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury na mbele ya Baraza la Uingereza. Wengine wengi walisaidia kazi hiyo, wala si yeye peke yake. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, akaagiza ya kuwa maofisa wa serikali ya Kenya wasishughulike tena na kuwatafutia mabwana shamba vibarua. Kazi ya lazima haikwisha siku ile, nayo iliendelea kwa namna nyingine miaka mingi; lakini mlango mmoja ulifungwa.

Hapo ndipo tulipomjibu kijana wetu. Petro na mitume wenzake walipopelekwa mbele ya baraza, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, walisema ya kuwa imewalazimu kumtii Mungu kuliko wanadamu. Neno hilo hupendwa sana na vijana, na wengine hulitumia vibaya, wakitaka kukataa kuchota maji kwa sababu baba amewatuma wakiwa katika mchezo. Je, twaijuaje amri iliyo ya kukataliwa? Tumtazame Askofu Frank. Hakukataa amri iliyomlemea yeye. Hiyo aliichukua akatembea nayo mpaka Dar es Salaam. Alikataa amri iliyomlemea mtu asiyeweza kujitetea. Utii wake na huruma yake havikutofautiana hata unyasi. Kijana akituambia, "Sitamtii mkubwa huyu, Mungu hapendi," swali letu la kwanza liwe, "Ni mzigo wa nani unaotaka kuushusha, wako au wa mwenzako?"

Mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Askofu alisema katika mkutano mkubwa wa Wakristo mjini London. Aliwaambia watu waliopenda ibada nzuri, yenye mishumaa na ubani, ya kuwa hawawezi kudai kumwabudu Kristo altareni kama wanampita huku nje katika mitaa ya maskini. Akafa tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila.

Na Kariakoo je? Soko lile la zamani halipo tena. Jengo jipya lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, nalo lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2021, usiku wa tarehe 10 Julai, moto ukaliunguza. Lakini kazi ya kuchukua mizigo haikuondoka mtaani. Ukifika alfajiri, wakati malori ya kutoka mikoani yanaposhusha, utawakuta vijana wa miaka 17 na 18, wengine watoto wa Wakristo wenzetu waliotoka vijijini, wamefunga kitambaa kichwani, wakibeba magunia na kusukuma mikokoteni, wakipiga kelele wapishwe. Watu huwaita makuli, na si kwa heshima. Mara nyingi tumeona mama wa kanisa, mwenye sauti tamu ya kuimba, akibishana na kijana wa namna hiyo juu ya shilingi mia tano, na gunia lake limekwisha kufika garini. Mtume Yakobo aliandika maneno makali, katika sura ya 5 ya waraka wake, juu ya ujira wa vibarua uliozuiliwa, ya kuwa wenyewe wamlilia Bwana. Na Msamaria, tusisahau, hakuishia kuona uchungu. Alitoa dinari mbili mfukoni, akafanya hesabu na mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi.

Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo likafunika watu wengi. Kabla mashine kubwa hazijafika, waliotangulia kufukua walikuwa wapita njia, wafanya biashara na vijana wa mtaani, kwa mikono mitupu na nyundo na chochote walichokipata. Sauti za waliofunikwa zilisikika chini ya kifusi. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, na wapatao 30 walikufa. Pale hapakuwa na mtu wa kuuliza, "Wewe ni wa dini gani?" wala, "Ni nani aliyekuagiza?" Twasikia watu wakisema ya kuwa vijana wa siku hizi hawana moyo. Waliokuwapo Kariakoo siku ile hawawezi kukubali neno hilo.

Limebaki jambo moja la wapagazi wa zamani. Katikati ya mji wa Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, pana sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927, mahali ambapo Wadachi walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Maandishi yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yawataja wapagazi kwa heshima, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki, na majina ya wapagazi hayakuandikwa popote hapo. Ujira wa wengi waliokufa haukuchukuliwa na mtu, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii. Fedha hizo zilibishaniwa na maofisa wa Nairobi na London miaka mingi, na jamaa wengi hawakuona hata senti.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyo wazi. Ilikiri ya kuwa watu wa Afrika, Asia na nchi nyingine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita ile wakiutumikia ufalme wa Waingereza, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni wapagazi wa Afrika ya Mashariki. Tume ikaomba radhi, na kazi ya kutafuta majina katika daftari za zamani ikaanza.

Lakini daftari nyingi zilioza au hazikuandikwa tangu mwanzo, na majina yaliyobaki yamo katika vinywa vya wazee wa vijiji vyetu. Katika darasa letu tumewapa vijana kazi hii wakati wa likizo: kila mmoja akirudi kwao amwulize bibi au babu kama yuko mtu wa ukoo aliyechukuliwa Kariakoo wakati wa vita vya Mdachi, jina lake nani, alitoka kijiji gani, alirudi au hakurudi. Wayaandike kwa wino, pamoja na jina la mzee aliyewaambia. Watoto wa wapagazi wale karibu wote wamekwisha kufa. Wajukuu wenyewe wamekuwa wazee.